Mama Yako Ameangalia

2 Machi

Mzazi mwenzangu,

Salamu. Naandika kwa karatasi kwa sababu simu umenifungia, na kila nikija hapo shuleni unapoishi sasa mlinzi wa getini ananiambia Mwalimu yuko darasani, hata siku ambazo shule imefungwa. Basi barua nimempa yeye mwenyewe akuletee. Naona kazi ya utarishi anaipenda kuliko ya ulinzi.

Sitafuti ugomvi. Nina shida moja ndogo na ni wewe tu wa kuitatua. Tangu uondoke kwenye nyumba ile (sisemi nani alimwondoa nani) nimeruka na ndege yangu mara chache, na kila nikiruka najiona kama mtu aliyetoka nje akasahau suruali. Ni yale matangazo ya anga. Nikifungua ukurasa wa mamlaka ya anga nakutana na herufi kubwa tupu, vifupisho, tarakimu zimepangana kama sisimizi, halafu saa zenyewe ni za kimataifa, mpaka ujumlishe. Mimi jino la mwisho nalitoa huku napiga mluzi, lakini hayo mambo yananiumiza kichwa. Tableti inachora sehemu za anga zilizofungwa, ila wewe mwenyewe ulinionya kwamba ramani yake huchelewa nyuma ya matangazo. Mke wangu wa sasa nilimpa asome, akaniuliza kama ni ujumbe wa benki.

Jumamosi ya tarehe 14, asubuhi, naruka kwenda ule uwanja wa ng'ambo ya vilima. Marubani wa klabu tunakutana huko kwa chai. Nakuomba uangalie Ijumaa jioni, uangalie tena Jumamosi kabla sijawasha injini, kama zamani. Ikiwa wamefunga mahali, labda mkubwa fulani anapita, au jeshi lina mazoezi, au kuna moto, mtume mlinzi aje kuniambia. Ikiwa hakuna kitu, usihangaike. Ukinyamaza nitajua anga ni wazi, nitaondoka. Ndivyo tulivyoishi miaka yote ile na hakuna aliyewahi kunigusa.

Binti yetu hajambo. Ile shule ya marubani ya shirika la ndege wamempa nafasi, anaanza Juni, anachotakiwa ni kutimiza saa zake za kuruka na kuitunza leseni isiwe na doa. Leseni yenyewe bado inanuka wino. Anatembea nayo mfukoni, hata akienda dukani.

Daktari


5 Machi

Mzazi mwenzangu,

Barua imefika. Mlinzi ananiuliza kama nina mchumba mpya. Nimemwambia ni mgonjwa.

Jibu langu ni hapana. Lakini kwa kuwa nimezoea kufundisha walio nyuma ya darasa, nitakufundisha bure. Usiku wa kuamkia safari unasoma matangazo ya njia yako yote, siyo ya uwanja unaoondokea tu. Kila duara la anga iliyofungwa lina kitovu, lina upana, lina kimo kutoka ardhini hadi juu, na lina saa ya kuanza na ya kwisha. Unachukua penseli unalichora kwenye ramani, kwa sababu jicho linaamini kinachoonekana. Asubuhi unarudia kusoma, maana moto hausubiri saa za ofisi. Kisha, kabla ya kuwasha injini, unapiga simu dawati la taarifa la mamlaka. Namba imebandikwa ukutani hapo klabuni, karibu na kioo unachojitazamia. Atapokea mtu, unamtajia njia yako, anakusomea. Ukiwa hewani una redio, muulize mtu wa mnara. Mdomo unao, mimi ni shahidi.

Hayo ndiyo niliyokuwa nafanya wakati wewe unatafuta miwani ya jua. Hukuwahi kuuliza nayafanyaje. Ulikuwa unatazama uso wangu tu, ukiona sijasema kitu unachukua funguo.

La pili, na hili silifanyii mzaha. Binti yangu asipande ndege hiyo pamoja nawe, si kama abiria, si kama rubani. Wale wa shirika wana vijana mia wanaoitaka nafasi yake. Kosa moja likiandikwa kwenye leseni wanamfungia mlango, na hawataufungua tena. Azitimize saa zake kwa mwalimu wake wa urubani. Wewe anga unaichukulia kama sebule ya mjomba wako.

Mwalimu


8 Machi

Mzazi mwenzangu,

Nimesoma somo lako. Ningekuwa mtoto ningesimama niseme asante mwalimu.

Sasa nisikilize. Nimekuomba jambo dogo kwa heshima, wewe umenijibu kama mtu aliyemeza siki. Ndiyo maana nyumba ilinishinda. Watu wananiuliza nilikuwa nakupendea nini, na kila nikifikiri napata jibu moja: ulikuwa unasoma matangazo vizuri. Mengine yote mke wangu wa sasa anayafanya, tena anacheka. Ni mjamzito, kama mlinzi wako hajakuambia. Ile ramani kubwa ya ukutani uliyoondoka nayo nataka irudi, chumba ilimokuwa tunakipaka rangi kwa ajili ya mtoto. Hata penseli zako nyekundu zimo humo bado, njoo uzichukue au nizitupe.

Kuhusu binti, ondoa wasiwasi. Hatapanda. Nakuapia. Jumamosi nakwenda peke yangu.

Nakuuliza kwa mara ya mwisho: utaangalia au huangalii? Ile ndiyo kazi pekee uliyokuwa unaiweza, naona ni vibaya ikipotea.

Daktari


10 Machi

Mzazi mwenzangu,

Umesema kweli, nimekuwa mkali bila sababu. Hongereni kwa mtoto.

Jumamosi nitaangalia. Iwe kama zamani. Usiposikia kitu kutoka kwangu, wewe nenda.

Mwalimu


15 Machi

Mzazi mwenzangu,

Pole na safari.

Nilikuwa nasahihisha madaftari jana mchana, mwalimu mwenzangu wa hesabu akaingia na redio yake. Akasema kuna ndege ndogo ya klabu imeingia kwenye moto wa vilima, imelazimishwa kutua, polisi wako uwanjani. Akaniuliza si ndiyo klabu ya baba watoto. Nikamwambia sijui, zipo nyingi. Kisha nikaenda chooni nikacheka mpaka nikashika ukuta.

Nilijua, ndugu yangu. Nataka ujue kwamba nilijua, la sivyo utaendelea kusema ni bahati mbaya. Ijumaa jioni nilisoma. Tangazo lilikuwa limetoka alasiri ile: duara juu ya msitu wa vilima, kuanzia ardhini, limefungwa kwa ndege zote isipokuwa zile zinazomwaga maji. Jumamosi asubuhi nikasoma tena, walikuwa wamelipanua. Lilikaa katikati ya njia yako kama bakuli. Nikalichora, safi kabisa, nikapiga pasi nguo zangu za wiki. Mlinzi alikuwa nje anaota jua, angefika kwako kabla hujamaliza kujaza mafuta. Sikumtuma.

Najua hakuna aliyeumia, redio ilisema. Sikutaka uumie, wewe nakutaka mzima. Ni leseni tu. Nimeona sheria yao, rubani mkuu ndiye anayewajibika kuangalia kabla ya kuruka, na hawataki kusikia nani alimwambia nini. Watakuita mbele ya bodi, watakuuliza uliangalia wapi, nawe utawajibu kwamba ulimtegemea mwanamke uliyemfukuza. Ningelipa kiingilio nije nikusikie.

Ile kazi pekee niliyoiweza, umeona nilivyoifanya vizuri.

Mwalimu


16 Machi

Mama,

Rubani hakuwa mimi.

Nimekaa na barua yako tangu jana, wagonjwa wanasubiri nje, nimewaambia mashine imeharibika. Nilikudanganya. Binti alibakiwa na saa chache na mwalimu wake wa urubani alikuwa safarini. Aliniomba wiki nzima. Nilimpa kiti cha kushoto, cha rubani, safari ikaandikwa kwa jina lake, yeye rubani mkuu, mimi abiria mwenye miwani. Nilitaka marubani wa klabu wamwone anatua mwenyewe. Sikukuambia kwa sababu ungekataa.

Kabla ya kuwasha injini aliniuliza, "Baba, umeangalia matangazo?" Simu alikuwa nayo mkononi, alikuwa anataka kupiga dawati. Nikamwambia, "Mama yako ameangalia." Akasema basi, kama ni mama, akairudisha simu mfukoni. Angekuwa ni mimi niliyeangalia angepiga, wala sijidanganyi. Alifunga mkanda huku anaimba.

Moshi tuliuona tumeshaingia. Akasema tugeuke, akageuza vizuri. Ndege ya maji ilikuwa inashuka mbele yetu, ikabidi ipande ghafla, maji yakamwagika kwenye mawe. Redioni kulikuwa na mtu anapiga kelele akiita namba ya ndege yetu. Tulipotua polisi na mtu wa mamlaka walikuwa wanatungoja. Mtu wa mamlaka akauliza nani rubani mkuu. Binti akasema, "Mimi." Alisema kabla sijafungua mdomo, na baada ya hapo sikuufungua.

Bodi inakaa tarehe 8 Aprili. Shule ya shirika wameshaarifiwa, wanangoja uamuzi.

Nimeongea na mwanasheria wa klabu. Kuna njia moja. Mimi niseme kwamba usukani nilikuwa nao mimi, jina liliandikwa lake kimakosa. Ninao uzoefu, bodi itaniamini. Nitapoteza leseni na huenda nikashitakiwa, lakini yeye atatoka safi. Ila siwezi kwenda pale mikono mitupu nionekane mzembe peke yangu. Andika wewe kwanza, kwa bodi, kwamba uliahidi kuniangalizia, ukasoma tangazo, ukanyamaza makusudi. Nikiwa na karatasi hiyo, nitasimama.

Daktari


18 Machi

Baba yake,

Tangu juzi sijala. Nimemwita binti hapa kwangu, amekaa kwenye kiti cha dirishani na sare yake ya mafunzo. Nimemwonyesha barua yako ya tarehe 8, pale ulipoapa. Alitakiwa aone baba yake ni mtu wa namna gani.

Uliapa. Kama usingeapa, ningemtuma mlinzi mbio, ningekwenda mwenyewe peku. Mimi nilikuwa namfungia mlango mwanamume mmoja, na wewe ukamsimamisha mwanangu kwenye kizingiti.

Sasa unaniomba niandike. Mimi ni mwalimu wa watoto wa watu. Nikiandika kwamba niliacha ndege iingie kwenye moto kwa makusudi, nitafukuzwa kabla wino haujakauka, na polisi watanifuata. Wewe ukisema ulikuwa usukanini, unapoteza mchezo wako wa Jumamosi tu. Meno ya watu yatabaki palepale. Tangulia wewe. Ukishasema mbele ya bodi, nami nitaandika ili kukupunguzia adhabu.

Nitaandika. Lakini wewe kwanza.

Mwalimu


21 Machi

Mama,

Nawe umenionaje? Nitangulie, kisha ukae kwako unapiga pasi? Hapo zamani nilikuamini bila kuuliza, matokeo yake tunayajua sote.

Mke wangu anajifungua mwezi ujao. Mtu wa mamlaka anasema wakiamua nilidanganya tangu uwanjani, kuna kifungo. Kwa karatasi yako nitathubutu, bila karatasi yako siwezi. Binti nimemwonyesha barua yako ya tarehe 15, pale uliposhika ukuta kwa kucheka. Aliisoma mara mbili akanirudishia. Nilimuuliza sasa nani mbaya. Akaniuliza kama gari langu lina mafuta ya kumfikisha kituoni.

Niandikie.

Daktari


7 Aprili

Baba yake,

Kikao ni kesho saa nne. Nimeandika ile karatasi, ninayo kwenye mkoba, nimetia na sahihi. Sikupi kabla. Nitasimama ng'ambo ya barabara, karibu na duka la vioo. Nikikuona unaingia getini, naingia nyuma yako na kuitoa. Nisipokuona, naichana.

Mwalimu


19 Agosti

Baba na Mama,

Shikamooni. Nimeandika barua moja na kuitolea nakala, ili asiwepo wa kumwonyesha mwenzake kitu asichokijua. Mmezoea kunisomesha barua zenu. Kila mmoja alinipa za mwenzake ili niamue nani mbaya, na mimi nimezisoma zote, kwa hiyo hampati tabu ya kunieleza kitu.

Kuhusu tarehe 8 sikuwahi kuwaambia nilichokiona. Chumba cha bodi kiko ghorofa ya pili, madirisha yake yanatazama barabarani. Walinikalisha upande wa dirisha. Mama, nilikuona mbele ya duka la vioo, mkoba umeukumbatia kifuani, unatazama getini. Baba, gari lako ulikuwa umeliegesha kwenye kona, nyuma ya lori la maji. Ulishuka, ukarudi ndani, ukashuka tena ukasimama na mlango wazi. Kila mmoja alikuwa anamngoja mwenzake, na kwa pale mliposimama, lile lori liliwaziba, hakuna aliyeweza kumwona mwenzake. Mimi pekee niliwaona wote wawili.

Mwenyekiti wa bodi ni mama mtu mzima, mpole. Aliniuliza kwa nini sikupiga simu dawati la taarifa wakati simu ilikuwa mkononi. Ningeweza kuwaambia watazame chini. Wangeteremka watu wawili, wangewaleta, na kila mmoja wenu angesema, kwa kuwa mwenzake yuko mbele yake. Nilifikiria hilo huku yeye anangoja. Kisha nikaona Mama unatoa karatasi mkobani na kuichana, polepole, kama unachana kitambaa, na Baba unawasha gari. Nikamjibu mwenyekiti kwamba nilizembea.

Walinifungia leseni mwaka mzima. Shule ya shirika iliandika siku ileile, barua ya kistaarabu, nafasi wamempa mwingine na kosa litabaki kwenye kumbukumbu. Walinitakia kila la heri. Nilikaa kwa rafiki yangu, na kwenye simu zenu nikawa nasema sijambo, jambo ambalo halikuwa kweli hata siku moja.

Mtu wa mamlaka aliyetungoja uwanjani siku ile ndiye aliyenitafutia kazi. Niko dawati la taarifa, zamu ya asubuhi. Tuko watatu kwenye chumba kimoja, simu nne zinazokwaruza sauti, skrini zenye ufa. Rubani anapiga, anataja ndege yake, anakotoka na anakokwenda, nami namsomea kila kilichofungwa njiani, kwa saa za hapa, siyo za kimataifa. Wengi wanapiga huku wanatafuna. Kuna wanaosema wameshaona kwenye tableti, nawaambia nisikilize hata hivyo. Tukishika simu hatutaji majina, tunasema "dawati" na kuendelea.

Baba, jana ulipiga. Ulitaja namba ya ndege kabla sijauliza, nikaandika bila kuangalia, maana naijua. Ulikuwa unakwenda ng'ambo ya vilima. Nilikusomea duara la mazoezi ya jeshi, upana wake, kimo chake, linapoanza na linapoisha, nikakushauri uzunguke kusini. Nyuma yako alikuwa analia mtoto mchanga. Uliniuliza, "Una hakika, dada?" Nikakwambia nina hakika. Ukasema asante dada, ukakata.

Mama, usitabasamu. Wewe ulipiga wiki iliyopita. Ulitaja namba ileile, ukauliza kama mwenye ndege hiyo bado anaruhusiwa kuruka, au naye amefungiwa. Nilikujibu kwamba anaruhusiwa. Ukaniambia, "Mna kazi ya bure nyie, dada yangu."

Nyote wawili niliwasomea kila kilichoandikwa, sikuficha hata mstari. Mkitaka tena, simu ziko wazi kuanzia saa kumi na moja alfajiri.

Karani,
Dawati la taarifa